Kaka kanichangia nusu ya hela ya baiskeli, anataka hadteli, mgongo wangu unakataa

BARUA

Dada habari, pole na majukumu. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, nisamehe kama itakuwa ndefu, jambo lenyewe limenikaa kichwani mwezi wa pili sasa na hata usingizi sipati vizuri.

Nina miaka 31, urefu sentimita 174, uzito kilo 71. Huu ni mwaka wangu wa tatu nashindana baiskeli za mlimani, zile krosikantri za raundi, na marathoni nimeingia mara mbili. Baiskeli yangu ni hadteli ya alumini ya zamani, shokapu iko mbele tu, milimita 100, sproketi za mbele tatu, saizi L maana niliinunua mkononi kwa mtu na kipindi hicho sikujua kama baiskeli ina saizi. Kwenye raundi fupi najitahidi, kumi bora za kundi langu sikosi. Tatizo ni marathoni. Ile ya mwisho ilikuwa kilomita 90, mpaka kilomita ya 55 nilikuwa na watu wangu kabisa, tunapokezana kukata upepo, afu njia ikaingia kwenye mizizi na mawe madogo madogo yasiyoisha, kufika 60 mgongo wa chini umekaza kama umefungwa kamba. Nilishuka mara tatu kujinyoosha. Mara ya tatu nililala chali pembeni ya njia, miguu juu, wenzangu wanapita wananiuliza uko salama, nami nainua tu kidole gumba. Baadae nikaangalia kwenye saa, kwa kusimama peke yake nilipoteza dakika 26, hapo sijahesabu mwendo wa kujikokota.

Nimedunduliza hela ya baiskeli mpya na kaka yangu kanichangia karibu nusu. Yeye ndo aliyenitoa gizani kwenye huu mchezo, alishindana enzi za magurudumu ya inchi 26, alikuwa mtu kwelikweli. Msimamo wake ni hadteli ya kaboni na hataki kusikia kingine. Siku rafiki yangu alipokuja na ful saspensheni, yenye shokapu mbele na nyuma, kaka aliishika siti kwa kiganja akaikandamiza mara mbili, ikashuka na kupanda, akaniangalia: "Unaona? Nguvu zako zote zitakuwa zinaishia hapa, kila ukikanyaga." Na mgongo anasema ni mazoezi tu hayajatosha.

Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja kati ya hivi vitatu. Hadteli mpya ya kaboni, kilo 10 hivi. Ful saspensheni mpya ya alumini, shokapu milimita 120 mbele na nyuma, kilo 12.8. Au ile ya rafiki yangu, ful ya kaboni iliyotumika misimu mitatu, kilo 11, saizi L, na kaniambia nisichelewe ana mtu mwingine anaitaka. Marathoni ile ile ni baada ya miezi mitano na kabla ya hapo nina krosikantri nne za raundi. Nikimkaidi kaka nitaonekana sina shukrani, nikimsikiliza nahisi nitalala tena chali pale pale. Nifanyeje dada?

Ni mimi, Kilomita ya 60

JIBU

Mdogo wangu Kilomita ya 60, barua yako nimeisoma mara mbili na pale pa kulala chali miguu juu nilikuona kabisa, maana na mimi nimewahi kulala hivyo hivyo na najua mtu anavyojisikia akisikia cheni za wenzake zinapita.

Nikupe jibu kwanza afu ndo nieleze. Chukua ful saspensheni ya alumini, saizi M. Ya rafiki yako iache. Na kaka mwambie kabla hujalipa, usisubiri baiskeli iwe imeshafika nyumbani.

Ila kabla ya hela yoyote kutoka kuna kazi ya wiki mbili nataka uifanye kwenye hiyo hadteli uliyonayo. Mgongo unaokaza kwenye kilomita ya 60 unaweza kutoka kwenye mawe kweli, lakini unaweza pia kutoka kwenye baiskeli isiyo ya saizi yako, na we umesema mwenyewe ni L na uliinunua bila kujua. Mtu wa sentimita 174 kwa fremu nyingi yuko M, kwa chache yuko mpakani. Fremu za zamani zilikuwa zinawekewa stemu ndefu (stemu ni kile kipande kinachoshika usukani), milimita 90 au 100, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa masaa yote manne unakuwa umejinyoosha kama mtu anayefikia kitu juu ya kabati. Pima stemu yako, kama ni 100 tafuta ya 70, panga vile vipete vya chini yake usukani upande hata sentimita moja na nusu, afu angalia siti isiwe juu mpaka kiuno kinacheza kushoto kulia ukikanyaga (mwambie mtu akupige video kwa nyuma, utaona mara moja). Panda hivyo wiki mbili, safari moja iwe ya masaa matatu na zaidi. Maumivu yakipungua sana, umejifunza kwamba nusu ya tatizo ilikuwa saizi. Yasipopungua, au kama yanashuka mguuni na kuleta ganzi, hapo baiskeli isubiri kwanza, nenda kwa daktari au mtu wa fiziotherapia, kwa hilo usinibishie.

Sasa kwa nini ful. Mwendesha hadteli kwenye mizizi hana ujanja, anainuka kwenye siti. Kila mzizi unainuka sentimita tano, magoti na kiuno ndo vinakuwa shokapu ya nyuma. Kwa saa moja na nusu hiyo sio shida kabisa, na ndo maana kwenye raundi fupi unafanya vizuri, krosikantri ya kimataifa yenyewe inapangwa iishe kati ya saa 1 na dakika 20 na saa 1 na dakika 40. Marathoni ni mchezo mwingine, kanuni za UCI, chama cha baiskeli cha dunia, zinaruhusu kilomita 60 mpaka 160, mtu yuko juu ya siti masaa manne, matano, na misuli ya mgongo wa chini imeshafanya kazi ya shokapu mara elfu kadhaa kabla hata hujafika pale pagumu. Siku moja kwenye mazoezi niliamua kuhesabu. Kipande cha mizizi cha kama mita 300, saa ya nne ya safari, kwenye hadteli nilikanyaga pedali nikiwa nimekaa mizunguko 11 tu, muda mwingine wote nilikuwa nimesimama naelea, sikanyagi, nasubiri mzizi upite. Wiki iliyofuata kipande kile kile, saa ya nne ile ile, kwenye ful niliacha kuhesabu nilipopita 60. Sikuwa na nguvu zaidi wiki ile. Nilikuwa nimekaa tu, na mtu aliyekaa anaweza kukanyaga.

Hiyo ndo hoja yangu yote kwako mdogo wangu, baiskeli ya marathoni inachaguliwa kwa saa ya nne. Kila mtu anaijaribu dakika tano kwenye lami, na kwa dakika tano kwenye lami hadteli ya kaboni itashinda kila siku, ni nyepesi, inaruka ukiigusa, unarudi umeshaipenda.

Twende kwa kaka na kile kiganja chake. Nakuomba umsikilize kwa heshima kwa sababu alichokuonyesha kilikuwa kweli kwenye enzi zake. Ful nyingi za zamani zilikuwa zinanesa, ukikanyaga zinazama, ukipumzika zinapanda, mlimani unajikuta unapampu kama godoro. Ila kuna kitu kimemponyoka siku ile. Alikandamiza siti huku baiskeli imesimama, na baiskeli iliyosimama cheni yake haivuti. Ukiwa unakanyaga cheni inavuta gurudumu la nyuma kwenda mbele, na maungio ya fremu za sasa yamepangwa ili mvuto huo upingane na uzito wako unaotaka kuizamisha shokapu. Kwa hiyo kuikandamiza kwa mkono kunakuonyesha inavyomeza mawe, na hicho ndo unachokitaka, lakini hakukuonyeshi inavyokanyagika. Juu ya hapo baiskeli nyingi za mbio zina loki kwenye usukani, unabonyeza kidole shokapu zote mbili zinakaza, unapanda lami au barabara laini ya vumbi kama uko kwenye kitu kigumu, ukiona mawe unaachia.

Na wala sio mambo ya jana. Olimpiki ya London 2012 Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech alichukua dhahabu juu ya ful ya magurudumu ya inchi 29, akampita Nino Schurter wa Uswisi mwishoni kabisa, wakaachana kwa sekunde 1, na Schurter siku ile alikuwa kwenye hadteli. Schurter mwenyewe baadae akahamia ful, na leo ana mataji 10 ya dunia ya krosikantri. Kaka atayajua hayo majina, mkumbushe taratibu, sio kwa kumshinda.

Uzito sasa, maana najua ndo atakapokubana na ana haki ya kubana. Kilo 10 dhidi ya 12.8, tofauti ni 2.8, na sitaki kukudanganya eti haihisiki. Tupige hesabu. We kilo 71, maji na nguo na vifaa kilo 4, ukiweka hadteli jumla 85. Kilo 2.8 juu ya 85 ni kama asilimia 3.3. Kwenye mlima mkali muda unaongezeka karibu kwa kiwango hicho hicho, kwa hiyo mlima wa nusu saa unakuongezea kama dakika moja. Tuseme katika zile kilomita 90 una masaa mawili ya kupanda tupu, umepoteza dakika nne hivi. Nne. We ulipoteza 26 umelala chini. Na hapo sijagusa muda unaoupata kwenye mteremko na kwenye ile mizizi kwa sababu umekaa unakanyaga. Kwenye raundi fupi ndo hiyo dakika itakuuma kidogo, pengine kwenye mstari wa kuanzia kabisa ambapo watu wanatoka kama risasi kugombania kijia chembamba, hilo likubali tangu sasa ili lisije kukuvunja moyo mashindano ya kwanza.

Niseme pia lini ningekuambia uchukue hadteli, maana siipigi vita, nimeipanda miaka mingi na naipenda. Kama marathoni yako ingekuwa barabara za vumbi na nyasi mwanzo mwisho, hadteli. Kama kwenye bajeti ful unayoiweza ingekuwa ile ya bei ya chini yenye shokapu ya springi nzito isiyo na loki wala namna ya kurekebisha, hadteli tena bila kufikiri, ful mbovu ni mzigo tu, utabeba kilo na kunesa bila kupata kitu. Na kama we sio mtu wa matunzo, unaiosha tu na kuiegesha ukutani, hapo pia fikiria mara mbili, kwa sababu shokapu ya nyuma inataka kufunguliwa, kusafishwa na kuwekewa mafuta kila masaa 50 hivi ya kuendesha, foki, yaani shokapu ya mbele, nayo vivyo hivyo, na beringi za maungio zikiingia maji na matope zinaanza kulia. Kwa mtu anayefanya masaa 8 kwa wiki, masaa 50 ni wiki sita tu. Kuna na njia ya katikati, baiskeli za mbio zenye safari fupi nyuma (safari ni umbali shokapu inaozamisha gurudumu), Trek Supercaliber ya sasa ina milimita 80, Specialized Epic World Cup ina 75, zimetengenezwa kwa raundi za kasi hasa, ila kwenye vitu vitatu ulivyonitajia haimo kwa hiyo tusijichoshe.

Ya rafiki yako. Kilo 11, kaboni, inavutia, najua. Tatizo ni ile herufi. Umeshateseka miaka mitatu kwenye L afu unataka kununua L nyingine kwa sababu ina mtu mwingine anaitaka? Kuna kipimo kimoja watu wanachanganya, watakuambia angalia richi, yaani umbali mlalo kutoka juu ya ekseli ya pedali mpaka kichwa cha fremu pale usukani unapoingia, na richi ni muhimu ukiwa umesimama kwenye pedali, unateremka. Ukiwa umekaa kinachokugusa ni urefu wa bomba la juu la kufikirika, ule mstari mlalo kutoka kwenye nguzo ya siti mpaka kichwa cha fremu, na kati ya M na L huwa zinaachana kama milimita 20 mpaka 30. Mtu wa marathoni amekaa. Milimita 25 kwa masaa matano ni mgongo wako kabisa. Utasema utabana stemu iwe fupi, sawa, unaweza, ila fremu za sasa zinakuja tayari na stemu fupi ya 60 au 70, ukizidi kuikata usukani unakuwa mwepesi mno mlimani na gurudumu la mbele linatangatanga.

Na hata ingekuwa M ningekutaka uikague kama unanunua nyumba. Misimu mitatu ya mbio kwenye kaboni, unapindua baiskeli juu chini, unapitisha kucha chini ya lile bomba kubwa la chini ambapo mawe yanapiga, unaangalia pale cheni inapoangukia karibu na sproketi kama imekula kaboni, unagonga gonga kwa sarafu kusikia kama sauti inabadilika kutoka kukauka kwenda kwenye mlio wa kitu kilichooza. Shika siti uinyanyue kidogo kidogo, ukihisi mgongano mdogo wa "tok" maungio yamechoka. Mti wa shokapu, ule unaoingia na kutoka, ukiwa na mchubuko hata mdogo unavujisha hewa na mafuta. Haya yaweke kichwani kwa siku nyingine.

Basi hiyo alumini ya M, ukienda kuiangalia. Milimita 120 mbele na nyuma ni sawa kabisa kwa mtu wa marathoni anayefanya na raundi, miaka ya nyuma wangekuambia 100 ndo mbio na 120 ni ya kutembelea, ila njia za mashindano zimekuwa ngumu na baiskeli zimezifuata. Angalia fremu iwe na nafasi ya chupa mbili ndani ya pembetatu, watu wanalidharau hili mpaka siku wamebeba lita mbili mgongoni, na mgongo wenyewe ndo huo. Gia itakuwa moja mbele na 12 nyuma. Usiogope kuacha sproketi zako tatu, ukichukua ya meno 32 mbele na kaseti (zile sproketi za nyuma) inayofika 51, kwa magurudumu ya saizi moja gia yako ya mwisho ya mlimani inakuwa nyepesi kidogo hata kuliko 22 kwa 34 ya zamani, yaani ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kama kilomita 5 kwa saa na bado umekaa. Wauzaji wengine watakusifia 34 mbele kwamba ndo ya wanaume wa mbio. Chukua 32. Kwenye mteremko unapoishiwa gia na 32 kwa 10 uko karibu kilomita 40 kwa saa, hapo jikunje tu upumzike.

Breki diski za hydroliki, mbele ikiwa na sahani ya milimita 180 nzuri, basi. Dropa, ile nguzo ya siti inayoshuka kwa kubonyeza, kama imo usiitoe kwa ajili ya gramu, kwenye mteremko wa saa ya nne mtu aliyechoka anahitaji siti itoke njiani, na mgongo unapata hata dakika mbili za kunyooka.

Nikae kidogo kwenye tairi maana hapo ndo hela yako iliyobaki iende, sio kwenye usukani wa kaboni. Olimpiki ya Paris 2024 Tom Pidcock wa Uingereza alipata pancha katikati ya mbio, akafika kwenye eneo la mafundi wakambadilishia gurudumu, akapoteza kama sekunde 40 na bado akarudi akachukua dhahabu. Hiyo inawezekana kwenye raundi kwa sababu fundi yuko karibu. Kwenye kilomita ya 60 ya marathoni fundi ni wewe, na vidole vyenyewe vinatetemeka. Kwa hiyo toa tyubu, weka silanti, yale maji ya kuziba matundu, mililita 100 hivi kila gurudumu, tairi za upana wa inchi 2.35 au 2.4 zenye ubavu ulioimarishwa, zile nyembamba za karatasi waachie watu wa raundi. Upepo usijaze kama baiskeli ya barabarani. Kwa uzito wako anza na psi 20 mbele na 22 nyuma, ukisikia rimu inagonga mawe ongeza moja, ukiona unarushwa rushwa punguza moja. Kwenye mfuko wa nyuma vijiti vya raba vya kuziba tundu, katriji mbili za hewa, tyubu moja nyepesi, na kiungo kimoja cha cheni. Fanya mazoezi ya kuziba ukiwa nyumbani mpaka ukiwa na haraka mikono inajua yenyewe. Silanti inakauka, ifungue uikague wiki mbili kabla ya mbio.

Miezi mitano inatosha kabisa ila usiipoteze. Baiskeli iwe mkononi angalau miezi mitatu kabla, sio wiki mbili, misuli inahitaji kuizoea na we unahitaji kuvuruga na kurekebisha vipimo. Krosikantri zako nne zitumie kama mahali pa kujifunzia loki, lini kufunga, lini kuachia, wengi wanafunga kwenye mlima wa kwanza na kusahau, wanamaliza raundi nzima wamelipia shokapu na kupanda hadteli nzito.

Sasa kaka. Hofu yako ya kuonekana huna shukrani naielewa, mtu kakutoa gizani na kakutolea nusu ya hela, huwezi kumtumia picha ya risiti ukasema tayari. Nenda ukae naye. Mwambie zile dakika 26, maana nahisi hujamwambia kwa namba, umemwambia mgongo unauma na yeye kasikia mazoezi hayatoshi. Mwambie na hizo nne za uzito, zote mbili, usifiche ya kwake ukatoa ya kwako tu. Akisema bado hakubali na hela yake haiendi kwenye ful, mrudishie nusu yake kwa upendo na ungoje uongeze yako, au uendelee na hadteli ya zamani ukiwa umerekebisha saizi, utamaliza mbio hata hivyo. Ila sidhani itafika huko, mtu aliyeshindana anajua maana ya kusimama mara tatu.

Na mpe kazi. Kwenye mti wa shokapu ya nyuma kuna kijipete cha raba, kiko hapo kwa ajili ya kupimia. Tuseme shokapu yenu ina safari ya milimita 45, ukikaa na nguo zako zote za mbio na chupa zimejaa inatakiwa izame kama 11, yaani robo. Kaka ndo asukume kijipete mpaka kiguse mwili wa shokapu, we upande taratibu kwa kuegemea ukuta, ushuke taratibu, yeye apime kwa rula. Ikizidi 11 ongezeni hewa, ikipungua toeni. Mbele ni hivyo hivyo, 120 izame kama 20 mpaka 24. Mkishapata, mwende kwenye mlima laini mmoja, loki imeachiwa, apande yeye mwenyewe amekaa, uzito wake mkiwa mmeuwekea hewa yake. Asukume kijipete kikae kwenye alama ya robo kabla ya kuanza, akifika juu ashuke aangalie kimesogea milimita ngapi kwa kukanyaga kwake. Usimwambie kitu wakati anaangalia. Afu mrudi pale kwenye mizizi, mpe na pampu ya shokapu aishike yeye, apange hewa anavyotaka, na we kaa pembeni umsubiri mpaka arudi mara ya pili.

Niandikie baada ya hizo wiki mbili za stemu, nataka kujua mgongo umesemaje.

Dada yako